Vyuma vya Marehemu Dismas

Nilizitambua kabla sijaingia ndani kutoa pole. Zilitundikwa kwenye kamba ya katani juu ya tuta la mchicha, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa hospitali: sidii nne zilizopauka, zikizunguka na upepo na kurusha vipande vya jua ukutani ili ndege waogope. Watu wengi hufanya hivyo siku hizi, na ningepita bila kugeuza shingo kama si tabia yangu ya kushikashika vitu vya watu. Niliishika moja. Kwenye duara la katikati, ile plastiki tupu isiyobeba kitu, palichorwa kwa ncha ya sindano tarakimu ya mbili yenye mkia mrefu uliopinda chini kama ndoana. Dismas aliandika mbili namna hiyo. Nilisimama pale na begi langu begani, wanawake wakiimba ndani, na kwa muda nikasahau kwamba nimekuja kumzika mke wake.

Sikuwahi kuwa mtu wa kukaa mahali. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa utingo, mpaka rangi, fundi redio, mlinzi, msoma mita, na kazi nyingine nilizozifanya kwa muda mfupi kiasi kwamba majina ya waajiri yamenitoka. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuwasha. Lakini kuna mwaka mmoja, katika ile miaka ya mwisho ya tisini, nilikaa Songea, kwenye chumba cha uani pale Bombambili, na mambo mengi ninayoyajua leo yalianzia mezani kwa Dismas. Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka mwaka ule kama mwaka wa kujifunza. Hauji hivyo. Unakuja na harufu ya shuka za mgonjwa na dawa ya kusafishia sakafu, na mvua juu ya bati.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule, na chumba changu kikiwa kimeng'ang'ania nyuma yake kama kupe. Haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa boriti, kwa hiyo lililosemwa chumba kimoja lilipita juu na kushukia kingine. Sebuleni palikuwa na makochi mawili ya mbao, picha ya Moyo Mtakatifu, na meza ya kulia ambayo hakuna aliyelia chakula juu yake, maana ilikaliwa na kompyuta. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Sisi tulikula chini, mkekani, ugali na dagaa wa Nyasa, au likolo, ndivyo Fotunata, mke wa Dismas, alivyoziita mboga za majani kwa Kingoni. Dismas alikula matonge mawili matatu na kumsukumia mkewe sahani. Imani, binti yao, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wote tulikaa tukitazama juu kuelekea ile meza, kana kwamba kuna mgeni aliyesusa chakula.

Dismas alikuwa karani wa chumba cha kompyuta katika shirika moja la tumbaku. Soko huria lilipokuja shirika likafa, magari yakauzwa, viti vikauzwa, naye akarudishwa nyumbani pamoja na wengine wengi pale mjini, watu wa mashati meupe waliokuwa wakishinda vibarazani kusoma magazeti ya juzi. Yeye hakusoma magazeti. Alisoma kitabu kinene kisicho na jalada, alichoachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao, na mwalimu huyohuyo ndiye aliyemtumia kwa posta zile sidii nne. Ndani yake mlikuwa na Linux, yaani programu kuu ya kuiendesha kompyuta, iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali wakaigawa bila bei.

"Kila kitu sasa kina bei," aliniambia siku ya kwanza nilipoegemea mlango kumtazama. "Kitanda cha hospitali kina bei. Dawati la shule lina bei. Hiki hakina."

"Kitu cha bure huwa kina nini ndani, kaka?"

"Ndicho ninachotaka kukijua. Njoo ukae, bwana mdogo, acha kuegemea milango ya watu."

Kompyuta yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya hospitali ya misheni nje ya mji, na aliyeileta alikuwa Sista Benedikta, msimamizi wa stoo ya dawa, kwenye kiti cha nyuma cha gari la wagonjwa, imevikwa blanketi. Aliileta nyumbani kwa sababu Dismas alikuwa hawezi tena safari. Katika stoo ya Sista makasha yalipangwa hadi dirishani, yametoka kwa wafadhili wa kila lugha, na dawa ziliweza kuharibika nyuma ilhali mbele mgonjwa anaambiwa hakuna. Mtunza stoo wa zamani alikuwa ameondoka. Sista alitaka mashine ya kumwambia kipi kipo, kipo wapi, na kinaharibika lini. Wataalamu siku hizi huiita hifadhidata. Sisi tulisema databesi, na Fotunata aliiita stoo ya ndani.

"Ije na mtu wake," Sista alisema, bado amesimama. "Atakayeifanya iijue stoo yangu ndiye atakayekalia kiti cha mtunza stoo. Na chumba cha mfanyakazi kipo. Lakini Pasaka ikipita nitakuwa nimeshatafuta mtu mwingine."

Dismas alikuwa kochini, amejifunika shuka mchana kweupe. "Mimi kiti hicho sitakikalia, Sista. Unaniona."

"Nakuona."

"Atakuja mke wangu."

Sista alimgeukia Fotunata, aliyekuwa mlangoni na sufuria ya uji. Fotunata alikuwa ameishia darasa la saba, na kazi yake ilikuwa cherehani. "Anajua?"

"Atajua."

"Basi aje na mashine inayofanya kazi. Kabla ya Pasaka." Kisha Sista akaketi, akanywa uji wetu wa ulezi hadi mwisho bila haraka, akashukuru, akaondoka.

Umeme wa Songea wakati ule ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na dizeli ilipopungua mji uligawanywa kwa zamu. Bombambili tulipata siku moja asubuhi, siku nyingine alasiri, siku nyingine ahadi. Kuiweka Linux kwenye diski tupu kulihitaji muda mrefu kuliko zamu nyingi. Skrini ilikuwa ya bluu, ikiuliza swali moja baada ya jingine: diski igawanywe vipande vingapi, uko nchi gani, kibodi yako ni ya lugha gani. Niliyapenda maswali yale. Hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza mambo mengi kiasi kile bila kunifukuza mwishoni. Dismas alilala kochini akisoma kitabu na kunitafsiria, mimi nikabonyeza. Mstari ulitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, programu baada ya programu, na tulipofika sidii ya tatu umeme ukakatika. Tulisikia kitu ndani ya sanduku kikizunguka kwa uchovu, kikipunguza mwendo, kikanyamaza.

"Turudie," alisema Dismas.

"Yote?"

"Nusu yake haina kazi. Utavuka nusu ya daraja?"

Tulirudia zamu baada ya zamu. Fotunata alipita na ndoo, akatazama, akapita. Nje, bombani, wanawake walikuwa wakiongea bila kushusha sauti: "Malaria gani ya kumla mtu nyama miezi yote hii?" na mwingine akajibu, "Nyamaza, mpangaji wao yupo dirishani." Mimi niliendelea kubonyeza, na Dismas aliendelea kusoma, kwa sauti kubwa zaidi kidogo. Siku moja umeme ulibaki kutwa nzima bila mtu kujua sababu, na ile Linux ikamaliza. Skrini ikawa nyeusi tena, lakini safari hii na kishale cheupe kilichopepesa kwenye kona, kikingoja kuambiwa.

Databesi ilikuwa kazi nyingine. Nilipoiamuru iwake, nilikuwa nimeingia kama mkuu wa mashine, yule mwenye ruhusa zote. Ikakataa. Nikaamuru tena, ikakataa kwa maneno yaleyale. Dismas alitafuta ukurasa, akasoma, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Fotunata akaja mbio na beseni.

"Inasemaje?" Fotunata aliuliza, amemshika kichwa.

"Inasema haiwashwi na bosi," alisema alipopata pumzi. "Bosi akikosea anaharibu nyumba nzima. Inataka mtu wa kawaida, asiye na ruhusa ya kugusa vya wengine."

"Kumbe ina akili kuliko shirika lenu."

Sikumbuki kumsikia Dismas akicheka tena baada ya siku ile.

Kwaresima ilipoanza alikuwa haketi. Tulimtandikia godoro chini ya meza, na kutoka pale, akitazama mbao za meza kwa chini, alimfundisha mkewe. Fotunata alikaa kwenye kiti na Imani mgongoni, akibonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu joto la pasi. Aliingiza majina ya dawa jinsi Sista alivyotuletea, rafu baada ya rafu. Amri zote za databesi huishia na nukta-mkato. Ukiisahau, mashine haisemi umekosea. Inadhani hujamaliza kusema, inakaa kimya kukungoja. Jambo hili lilimsumbua Fotunata kuliko mengine yote. Angekaa mbele ya ule ukimya akiamini ameiua.

"Hujaiua," sauti ya Dismas ilitoka chini. "Malizia sentensi yako."

Jioni moja mvua ilipokatika niliwasikia juu ya ukuta.

"Mimi Kiingereza sijui, baba Imani."

"Hata mashine haikijui. Inajua maneno machache tu, na yote umeshayaandika kwa mkono wako."

"Nikikosea je?"

"Itakuambia umekosea. Haitakutukana wala haitakwenda kumwambia mtu."

"Na wewe ukiwa haupo, nimuulize nani?"

Nilimsikia akijigeuza godoroni. Kisha Dismas akasema, "Muulize huyo mpangaji anayetusikiliza." Nikabana pumzi upande wangu wa ukuta.

Alikufa asubuhi, siku ya zamu yetu. Umeme ulikuwepo, kompyuta ilikuwa imewashwa, Fotunata alikuwa ameinuka kwenda kumchotea maji. Nilipotoka chumbani kwangu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, amemshika miguu, halii. Juu, kishale kilikuwa kinapepesa. Nakumbuka nilichofanya kwanza, na sijui hadi leo nifikirie nini juu yake: niliandika amri ya kuizima mashine vizuri, kama alivyonifundisha, kwamba usichomoe waya tu maana diski itaumia. Nikasimama hadi ilipomaliza. Ndipo nikaenda kuwaita majirani.

Ukoo ulikuja, wengine kutoka Mshangano, wengine kutoka Lusewa, nguo zimelowa tope hadi magotini. Kwa sababu mvua zilikuwa zimeharibu barabara, wazee waliamua kwamba hawatarudi siku ya arobaini. Vitu vya marehemu vigawanywe palepale, siku ya kuanua matanga. Wanawake walipika maharage nje kwenye sufuria za kuazima. Wanaume walikaa sebuleni na pombe ya komoni kwenye ndoo. Koti likapata mtu, viatu vikapata mtu, baiskeli ikabishaniwa na ikapata mtu. Kisha Mzee Kastori, kaka mkubwa wa marehemu, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili waisikie, alikishika kile kitambaa cha maua kwa vidole viwili, akakiinua.

"Na hii?"

"Hiyo siyo yake, baba mkubwa," alisema Fotunata kutoka chini, alikokaa na kanga kichwani. "Ni ya hospitali."

Wazee walitazamana, nami niliona nyusoni mwao kitu kibaya kuliko hasira. Waliona huruma. Katika misiba mingi niliyohudhuria upande ule, mume akifa mjane hunong'onezwa na dada zake aseme kitanda ni cha jirani, mbuzi ni wa rafiki, redio imeazimwa, ili kitu kibaki cha kulelea watoto. Wakwe wanalijua hilo. Wengine huacha kitanda kimoja kipite, kwa adabu tu. Fotunata alikuwa amesema kweli kwa maneno yaleyale ambayo kila mjane husemea uongo, na hakuwa na maneno mengine.

"Shemeji yangu wa Namtumbo alipokufa," alisema Zeno, mdogo wa marehemu aliyetoka Mshangano, "mbuzi wote walikuwa wa padre." Watu wakacheka kidogo, kwa kuheshimu msiba.

Nilisimama. "Wazee, shikamooni. Anasema kweli. Nilikuwepo Sista alipoileta."

"Wewe nani?" aliuliza Kastori.

"Mpangaji."

"Mpangaji ana kauli siku ya kulipa kodi. Leo siyo."

Wakaigawa. Kastori alichukua skrini, maana ilikuwa televisheni. Zeno alichukua sanduku, kwa kuwa lilikuwa zito na akasema ndiyo injini. Kibodi ilipewa mpwa aliyekuwa sekondari. Kipanya alikipata mtoto mmoja mdogo, akakiburuta kwa mkia wake kuzunguka uani topeni hadi jioni. Sidii Kastori aliziinua moja moja, akajitazama uso kwenye mojawapo, akasema, "Vioo vya watoto," akazitupa mkekani. Fotunata aliziokota, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Nilimwambia nimfuate Sista. Angekuja na gari na polisi, na kabla ya jua kuzama kila kitu kingekuwa mezani. Fotunata alikuwa anaosha sufuria za watu.

"Polisi waingie kwa Kastori?" alisema. "Halafu mimi nikifa, Imani anazikiwa mama yake na nani?"

Pasaka ilikuwa inakuja. Nilipanda juu ya lori la mbolea, nikaenda Lusewa.

Skrini ilikuwa chumbani kwa Kastori, juu ya kigoda, mahali pa heshima. Alikuwa ameifunga nyaya kwenye betri ya gari na kwenye ringi ya baiskeli iliyowekwa juu ya mti mrefu nje iwe antena. Mbele yake chini palikuwa na kibakuli cha unga wa mahindi. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniambia nikae, na kwa muda tuliitazama wote wawili.

"Imekataa," alisema. "Nimeipa betri, nimeipa antena. Hata chenga haionyeshi. Nikadhani Dismas ana kinyongo, nikawapa mahoka unga, maana wafu wa kwetu hawapendi kusahauliwa. Bado."

"Haina kinyongo, mzee. Hilo ni jicho tu. Bila lile sanduku la Mshangano halina cha kuona."

"Kwa hiyo Zeno amenipunja."

"Wote mmepewa kisicho chenu. Ni ya misheni. Na mama Imani akiipeleka inafanya kazi, anapata kazi na pa kukaa. Asipoipeleka, hana."

Alinitazama sana. Mkewe alileta ugali na majani ya maboga, tukanawa, tukala sinia moja. Niliona kwamba ananiamini. Niliona pia kwamba kuniamini hakunisaidii. Alikuwa ameichukua mbele ya ukoo mzima, kinyume cha neno la mwanamke. Kuirudisha mikono mitupu kungemfanya yeye kuwa mtu aliyeamriwa na mjane.

"Mwambie achague," alisema. "Kiwanja cha Bombambili alitoa baba yetu. Akitoka kwenye nyumba, nitamwamuru kila mtu arudishe, na nitasema ukoo umetoa kwa hiari. Akibaki kwenye nyumba, abaki. Lakini vyuma havitarudi." Kisha akaongeza, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "Kula, kijana. Njia ni ndefu."

Nilimkuta Fotunata jikoni, anapuliza moto wa kuni mbichi. Nilimweleza yote. Alitazama juu, kwenye bati lililokuwa jeusi kwa moshi. Alikuwa amelinunua yeye, bati moja moja, kwa kushona sare za shule.

"Nyumba," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Ukiiwasha, itawaka?"

Swali hilo nimelibeba katika miji mingi. Sanduku lilikuwa Mshangano kwenye nyumba inayovuja. Lilikuwa limesafiri kwenye baiskeli juu ya mashimo, na diski ni kitu cha kufa kwa kugongwa. Kazi yake yote na ya mumewe ilikuwa humo, wala hatukuwa na nakala. Alikuwa ananitazama kwa macho mekundu ya moshi, na nilijua neno ambalo lingempa usingizi.

"Sijui, shemeji."

"Hujui."

"Inaweza ikawa imekufa."

Alisonga ugali muda mrefu. "Nikibaki hapa," alisema, "mwakani watakuja na neno jingine. Na mimi mwenyewe..." Hakumaliza. Alikuwa ameanza kukohoa wiki zile, kikohozi ambacho wote wawili tulikifahamu vizuri. "Nataka Imani akulie karibu na hospitali. Waambie walete."

Walileta Juma Kuu. Zeno alikuja na sanduku kwenye keria ya baiskeli, lina mavi ya kuku juu, akasema hakulifungua, tulifukuze jini lake wenyewe. Kibodi ilirudi bila kitufe cha herufi A. Kastori aliileta skrini mwenyewe, ameifunga kwenye kile kitambaa cha maua, na Fotunata alipomkabidhi ufunguo alipiga goti kama inavyotakiwa. Yeye aliupokea akitazama bati. Kipanya hakikurudi, na hatukukihitaji.

Katika stoo ya hospitali palinuka kadibodi na spiriti. Sista Benedikta alisimama karibu na mlango, mikono ndani ya mikono ya kanzu yake. Niliunganisha nyaya, nikabonyeza. Sanduku lilipiga kelele kama mzee anayeinuka kitini. Maandishi yakashuka, yakashuka, kisha yakasimama, na mashine ikasema imekaa muda mrefu bila kukaguliwa, itaikagua diski kwanza. Ikaanza, sehemu kwa sehemu. Fotunata alikuwa na Imani mgongoni, na kila kitu walichokuwa nacho duniani kilikuwa kwenye vifurushi viwili nje ya mlango. Kishale kilipotokea hatimaye, aliniambia, "Ondoka hapo, shemeji," akakaa.

Pale palipokosekana kitufe cha A alibonyeza kwa kifuniko cha kalamu. Databesi ikawaka.

"Kwinini ya sindano," alisema Sista.

Fotunata aliandika polepole, akabonyeza, akangoja. Hakuna kilichotokea. Sista alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mimi nilikuwa nimeona kilichokosekana, na ulimi ulikuwa unawasha, lakini nilinyamaza. Nilimwona Fotunata akiusikiliza ule ukimya, kichwa kimeinama kidogo, kana kwamba kuna mtu anayesema chini ya meza. Kisha akaweka nukta-mkato.

"Ipo," alisoma. "Rafu ya tatu, nyuma. Inaharibika mwezi wa sita."

Sista alikwenda. Tulisikia makasha yakiburutwa, moja, jingine, jingine tena. Alirudi na vumbi kifuani na kisanduku mkononi, akaisoma tarehe yake karibu na dirisha.

"Kiti hicho kina mguu mbovu," alisema. "Nitakuletea kingine."

Nilikaa hadi mvua zilipokwisha. Kisha miguu ikaanza kuwasha, kama kawaida yake, nikapanda lori la kwenda Makambako, na Songea nilirudi mara chache tu, mgeni. Zeno aliiuza ile nyumba. Leo ni duka la vipuri vya bodaboda, na dirisha langu limezibwa kwa matofali. Fotunata aliugua, akakonda, watu wakamkatia tamaa. Kisha vidonge vikaja, vya bure, na Sista mzee aliniambia wakati mmoja kwamba Fotunata aliviingiza kwenye stoo ya ndani, kisanduku kwa kisanduku, kabla hajameza cha kwanza. Kompyuta zilibadilishwa mara nyingi. Yeye alibaki kwenye kiti hadi alipostaafu, wakamwachia chumba aendelee kukaa. Alikufa usingizini. Ni Imani aliyenipigia simu.

Baada ya mazishi ofisa mmoja wa hospitali alikuja, kijana mpole, akatoa pole, kisha akaeleza kwamba chumba kinahitajika mwisho wa mwezi. Imani alimjibu vizuri. Alipoondoka, alitoka nje akaanza kung'oa mchicha wa mama yake kwa nguvu ambayo mchicha hauhitaji.

"Miaka yote ile ya kazi, baba mdogo," alisema. "Hata kibanda hakujenga. Nimezaliwa na mtu gani asiyejenga?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamweleza. Sikuwa nimewahi kumweleza mtu. Nilimweleza meza na kitambaa cha maua, na baba yake chini ya meza, na Kastori na unga wake. Alisikiliza amechuchumaa, mkono umejaa mizizi.

"Na ulimwambia itawaka?"

"Nilimwambia sijui."

Aliidondosha ile mizizi. Kisha alisimama, akapangusa mikono kwenye kanga, akaanza kufungua ile kamba ya katani. Alizitoa sidii moja moja, akazifuta vumbi, akazipanga juu ya rundo la vitu ambavyo tulikuwa tumevitenga vya kurudisha: funguo, mtungi wa gesi, kiti cha ofisi. Akasita.

"Na hizi? Nazo ni za hospitali?"

"Hapana," nilimwambia. "Hizo ndizo zilikuwa za baba yako."